Beringi ya 204 imeisha, ipo 205: uchore mashine kwa FreeCAD, Onshape, Fusion au SolidWorks?

Kila anayetengeneza mashine Dar es Salaam anaijua safari hii. Umechora usiku kucha, vipimo vyote vimekaa, asubuhi unapanda daladala kwenda eneo la Gerezani kununua vifaa. Muuzaji anakusikiliza, anapekua shelfu, anarudi na jibu: "204 imeisha kaka, ipo 205."

Tofauti ya tarakimu moja inaonekana ndogo. Lakini kwenye beringi za aina hii, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata kipenyo cha tundu kwa milimita: 04 ni shafti ya 20, 05 ni shafti ya 25. Kwenye zile za UCP, zenye hauzingi (nyumba ya beringi) ya chuma cha kumimina na matundu mawili ya bolti, kitovu cha shafti kinapanda kutoka milimita 33.3 hadi 36.5 juu ya kitako, na nafasi kati ya matundu inaongezeka kutoka 95 hadi 105. Hata mfereji wa kii (kipande cha chuma kinachozuia puli isiteleze kwenye shafti) unabadilika, maana shafti ya 20 hutumia kii ya 6 kwa 6 na ya 25 hutumia ya 8 kwa 7. Puli itobolewe upya, fremu itobolewe pengine, kikinga kipanuliwe tundu, kichwa cha mashine kibadilishwe. Kitu kimoja kimekosekana dukani na nusu ya mchoro imesogea.

Vijana wa vyuo na mafundi wenye karakana ndogo huniuliza mara kwa mara wajifunze programu ipi ya CAD, yaani ya kuchora na kubuni kwa kompyuta. Zilizo midomoni mwao ni nne: FreeCAD, Onshape, Fusion na SolidWorks. Nimezipima zote kwa kazi moja, na hiyo safari ya Gerezani ndiyo niliyoifanya mtihani mkuu.

## Tunapima nini

Mashine niliyochora ni ya kukunia nazi, ya mota, kama zile zinazonguruma sokoni alfajiri mama lishe wakifuata nazi ya wali. Ina fremu ya engo, mota ya kilowati 0.75, puli mbili na mkanda wa aina A, shafti, beringi mbili za UCP, kichwa cha kukunia cha stenlesi na kikinga cha bati cha kuzuia vidole visifike kwenye mkanda. Kwenye kila programu nilianza na shafti ya 20, nikaikamilisha mashine, kisha nikaibadilisha kuwa 25.

Vigezo ni sita. Cha kwanza ni namna kipande kimoja kinavyojengwa. Cha pili ni kuunganisha vipande viwe mashine inayozunguka. Cha tatu ni kuvumilia mabadiliko, na kwangu hiki ndicho kizito kuliko vyote. Cha nne ni umeme, bando na nguvu ya kompyuta. Cha tano ni leseni, ambayo si bei peke yake: je, inakuruhusu kuuza ulichokichora? Cha sita ni safari ya kutoka kwenye skrini hadi kwa fundi mwenye grainda mkononi.

Nakala zilizokrekiwa sikuziingiza. Zinapatikana kwa urahisi mno hapa mjini, na nimeona laptopu ya kijana ikifungwa na virusi wiki moja kabla ya kuwasilisha mradi wake wa mwisho. Mbali na sheria, kazi ya miezi minne ni kubwa mno kuiweka juu ya msingi kama huo.

## Yaliyo sawa kwa zote

Nianze hapa kwa sababu wengi wanaohama programu wanahama na tatizo lao.

Zote nne zinajenga umbo mango kwa njia moja ya msingi. Unachagua bapa (uso tambarare wa kuchorea), unachora skechi ya mistari na duara, unaifunga kwa masharti (mistari hii iwe sambamba, duara hili lishiriki kitovu na lile, urefu uwe 60), kisha unaivuta ipate unene au unaizungusha kwenye mhimili. Kwa kuwa umbo hilo lina ndani na nje, programu inajua ujazo wake. Ukiiambia ni chuma cha kilo 7,850 kwa mita ya ujazo, inakupa uzito wa kipande kabla hujanunua hata futi moja. Kila hatua inabaki kwenye orodha, na unaweza kuirudia na kuirekebisha.

Kwenye kuunganisha, kipande kinachoelea kina uhuru wa aina sita: kuteleza kwa pande tatu na kuzunguka kwa mihimili mitatu. Kazi ya kiungo ni kuupunguza uhuru huo. Shafti ndani ya beringi inabakiwa na mmoja tu, kuzunguka. Mota juu ya fremu haibakiwi na wowote, isipokuwa umeweka matundu marefu ya kukazia mkanda, hapo unaiachia mmoja wa kuteleza. Fremu yenyewe ifunge kwanza isisogee kabisa, ndipo ulete vingine. Wanafunzi wengi ninaowaona wamekwama kwenye asembli (vipande vilivyounganishwa pamoja) wanabonyeza viungo kwa kubahatisha. Nikiwauliza "kwenye mashine halisi kipande hiki kinakwenda wapi?", mara nyingi wanapata jibu bila mimi kugusa kipanya.

Na kipimo kinachotawala kipe jina tangu mwanzo. Usiandike 20 kwenye skechi tano tofauti. Tengeneza thamani moja uiite kipenyo_shafti, skechi zote zisome pale. Zingatia pia kwamba kimo cha kitovu cha beringi hakipatikani kwa kuzidisha kipenyo. Kinatoka kwenye katalogi, kwa hiyo unahitaji jedwali dogo lenye mstari wa 204 na mstari wa 205. Programu zote nne zina mahali pa kuweka jambo hili, kila moja kwa namna yake.

## FreeCAD

Kujenga kipande. FreeCAD ilianzishwa na Jürgen Riegel na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Imejengwa juu ya injini ya jiometri (sehemu inayokokotoa maumbo) iitwayo Open CASCADE, ambayo nayo ni huria. Kazi zimegawanywa kwenye mabenchi: Sketcher la skechi, Part Design la vipande, Assembly la kuunganisha, TechDraw la michoro ya karatasi. Shafti, puli na kichwa cha kukunia vilitoka vizuri. Iliponichelewesha ni kwenye kuviringisha kona. Hauzingi ya beringi ina kona nyingi zinazokutana, na injini hii huelemewa pale mviringo unapokuwa mkubwa kuliko nafasi iliyopo. Nimezoea kuziacha kona zote hadi mwisho, kisha kuzifanya chache chache.

Kuunganisha. Hadi toleo la 1.0 lilipotoka Novemba 2024, FreeCAD haikuwa na benchi lake la ndani la asembli. Watu walitumia nyongeza kama A2plus, Assembly3 na Assembly4, ndiyo maana video nyingi za mafunzo zinamchanganya anayeanza: mwalimu anabonyeza vitufe ambavyo yeye hana. Tafuta mafunzo ya 1.0 au ya matoleo yaliyofuata. Benchi jipya lina kiungo cha kuzunguka, cha kuteleza, cha tufe, cha gia, na hata cha mkanda: puli ya mota ikizunguka, ya shafti inafuata kwa uwiano wake. Kwa mashine ya nazi hilo lilinifurahisha sana.

Kutoka 204 hadi 205. Hapa ndipo FreeCAD ilipobeba jina baya kwa miaka mingi. Kila uso wa umbo hupewa namba, na zamani ukiongeza tundu mapema kwenye orodha namba zilipangwa upya. Mfereji wa kii uliouchora juu ya shafti ungeweza kuibukia upande mwingine, au hatua zote zilizofuata zikaharibika. Toleo la 1.0 limelipunguza sana tatizo hili, japo halijaling'oa lote. Nilipobadilisha thamani kwenye jedwali la ndani, shafti, puli na kikinga vilifuata. Matundu ya fremu yalipotea. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeiegemeza skechi kwenye uso wa engo badala ya bapa la msingi. Nikaihamishia kwenye bapa, nikabadilisha mara tatu zaidi kwenda na kurudi, ikatulia.

Umeme, bando na kompyuta. Ukishaipakua huhitaji intaneti tena. Inakwenda kwenye Windows, Linux na Mac, na laptopu ya memori ya GB 8 iliitosha kwa mashine ya ukubwa huu. Kazi iko kwenye diski yako, kwa hiyo umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani unategemea hifadhi ya dharura. Mkono uzoee kuhifadhi.

Leseni. Bure, bila muda wa kuisha, na unaruhusiwa kuuza mashine uliyoichorea humo. Kati ya nne hizi ndiyo pekee inayokupa bure na ruhusa ya biashara kwa pamoja.

Kwenda karakana. TechDraw inatoa mchoro wa karatasi wenye vipimo, ila inataka subira kuliko wenzake. Mafaili ya DXF kwa mwenye mashine ya kukata bati na STEP kwa mwenye programu nyingine zinatoka bila shida. Mafaili ya asili ya SolidWorks haiyafungui. Mwombe mteja akutumie STEP.

Inamfaa fundi anayeuza mashine na hana bajeti ya leseni, na mwanafunzi mwenye subira.

## Onshape

Kujenga kipande. Jon Hirschtick, aliyeanzisha SolidWorks mwaka 1993, alirudi mwaka 2012 na wenzake kuanzisha Onshape, na mwaka 2019 kampuni ya PTC ikainunua. Inatumia injini ya Parasolid, ileile ya SolidWorks, na kuviringisha kona za hauzingi hakukunisumbua. Sifa yake kubwa ni kwamba vipande vingi vinaweza kujengwa chumba kimoja kutoka skechi moja. Fremu, kitako cha mota na kikinga nilivichora pamoja. Kimoja kikipanuka, jirani zake wanajua.

Kuunganisha. Kila kipande unakipa nukta yenye mihimili mitatu, kisha unaunganisha nukta kwa nukta na kutaja aina ya mwendo: kuzunguka, kuteleza, kufungwa kabisa. Kiungo kimoja kinamaliza uhusiano wote wa vipande viwili. Kwa anayeanza naiona ndiyo asembli rahisi kueleweka kuliko zote nne, kwa sababu inakulazimisha kufikiri mwendo badala ya kufikiri uso gani unagusa uso gani.

Kutoka 204 hadi 205. Ilipita bila jeraha. Niliweka beringi yenye sura mbili, 204 na 205, na kuchagua. Kabla ya kubadilisha nilihifadhi toleo, na baadaye niliweza kurudi na kulinganisha. Unaweza pia kuchepusha tawi, mwenzako akajaribu 205 upande wake huku wewe unaendelea na 204.

Umeme, bando na kompyuta. Inaishi kwenye kivinjari. Laptopu dhaifu inaiweza, na hata simu inafungua asembli na kuizungusha mbele ya mteja. Kila hatua inahifadhiwa palepale, kwa hiyo umeme ukikatika hupotezi kazi. Lakini bando likiisha, huna mchoro. Nimewahi kusimama karakana Vingunguti mtandao ukiwa umekufa, fundi ameshika vyuma vilivyokwisha kukatwa, na kipimo cha kitako cha mota kiko kwenye seva ng'ambo ya bahari. Tangu siku hiyo sitoki nyumbani bila PDF kwenye simu na nakala ya karatasi mfukoni.

Leseni. Mpango wa bure una sharti zito: kila unachochora kinaonekana na dunia nzima, na hakiruhusiwi kwa biashara. Mipango ya kulipia inazidi dola 1,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Wanafunzi na walimu wana mpango wao wa bure.

Kwenda karakana. Michoro ya karatasi ni mizuri, DXF na STEP zinatoka, na fundi unamtumia kiungo cha mtandao auone mchoro bila kusakinisha chochote.

Inamfaa timu iliyotawanyika, mwanafunzi mwenye intaneti ya chuo, na kampuni inayoweza kulipa. Haimfai mwenye uvumbuzi wa siri aliye kwenye mpango wa bure. Kama unakusudia kuomba hataza (haki ya uvumbuzi) kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, usiweke wazo lako hadharani kabla hujapeleka maombi.

## Fusion

Kujenga kipande. Kampuni ya Autodesk iliizindua mwaka 2013 ikiitwa Fusion 360, na mwaka 2024 jina likafupishwa. Hatua zako zinapangwa kwenye mstari wa muda chini ya skrini, na unaweza kuurudisha nyuma kama kanda. Kuchora ni kwepesi na kwa raha. Mtego wake ni mmoja na unawanasa karibu wote wanaoanza: umbo tupu na kijenzi ni vitu viwili tofauti. Ukichora mota, fremu na shafti vyote kama maumbo tupu ndani ya faili moja, mwishoni huwezi kuvipa viungo mpaka uvigeuze kuwa vijenzi, na skechi zinabaki zimetapakaa. Unda kijenzi kwanza, ndipo uchore ndani yake.

Kuunganisha. Viungo vinafikiri mwendo, kama vya Onshape. Kuna pia kiungo cha vipande ambavyo tayari viko mahali pake: havihamishwi, vinapewa mwendo tu. Kwa mtu anayechora mashine nzima pamoja, kila kipande kikizaliwa pale kitakapokaa, hii inaokoa muda mwingi.

Kutoka 204 hadi 205. Jedwali la vipimo vyenye majina liko wazi na ni rahisi. Nilibadilisha kipenyo, kimo cha kitovu, nafasi ya bolti na upana wa kii, mstari wa muda ukajipitia upya, hatua mbili zikaonya kwa njano, nikazirekebisha. Sura nyingi za kipande kimoja, 204 na 205 kwa kuchagua, ziko kwa wanaolipia.

Umeme, bando na kompyuta. Programu inakaa kwenye kompyuta ya Windows au Mac, mafaili yanakaa mtandaoni. Unaweza kufanya kazi bila intaneti kwa wiki mbili, kisha lazima uunganishe. Masasisho ni ya mara kwa mara na ni mazito. Mwenye bando la siku moja ataumia. Panga kuyapakua palipo na mtandao wa bei nafuu.

Leseni. Mtu binafsi ana mpango wa bure usio wa biashara, wenye kikomo cha nyaraka 10 zinazoweza kuhaririwa kwa wakati mmoja. Nyingine unazilaza na kuziamsha unapozihitaji. Wanafunzi wana leseni ya bure inayohuishwa. Ya biashara ni dola mia kadhaa kwa mwaka.

Kwenda karakana. Hapa ndipo Fusion inapowaacha wenzake mbali kwa mwenye mashine ya CNC, ile inayoongozwa na kompyuta. Njia za kisu za mashine ya kuchonga unazipanga mlemle ulimochora, na kipimo kikibadilika unazikokotoa upya. Mpango wa bure unazo lakini zimepunguzwa: hakuna mwendo wa haraka kati ya mikato wala kubadilisha kisu chenyewe, na mchoro wa karatasi ni ukurasa mmoja.

Inamfaa mwenye CNC, mbunifu anayefanya kazi peke yake, na mwanachuo anayechapa vipande vya plastiki.

## SolidWorks

Kujenga kipande. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1995, na Dassault Systèmes ikainunua kampuni hiyo mwaka 1997. Ni kongwe kwenye orodha hii na ukongwe unaonekana: nilipofika kwenye fremu ya engo sikuchora engo kabisa. Nilichora mistari ya mifupa, nikachagua sura ya chuma, programu ikavika mistari nyama na kukata pembe za nyuzi 45, kisha ikanipa orodha ya urefu wa kukata. Mchomeleaji anahitaji orodha hiyo kuliko picha yoyote. Bati la kikinga nalo lilikunjuka likawa bapa la kukatia.

Kuunganisha. Viungo vinafikiri nyuso: tundu hili lishiriki mhimili na shafti ile, uso huu uguse ule. Kuiweka shafti kwenye beringi kunahitaji viungo viwili, mhimili na umbali. Ni polepole kidogo mwanzoni lakini unadhibiti kila kitu. Kipande cha kwanza kinafungwa chenyewe. Kuna kikaguzi cha vipande vinavyoingiliana, na kwangu kilikamata bolti ya mota ikipenya kwenye engo kwa milimita mbili. Hilo lingegunduliwa karakanani kwa grainda.

Kutoka 204 hadi 205. Jedwali la sura linakaa kama lahajedwali: mstari wa 204, mstari wa 205. Nilibofya, asembli ikajijenga upya. Viungo viwili vilipoteza uso wao na kuwaka nyekundu, na programu ikanionyesha ni vipi.

Umeme, bando na kompyuta. Windows pekee. Inapendekezwa memori ya GB 16 na kadi ya picha ya kikazi. Kwenye laptopu ya kawaida inafunguka lakini asembli kubwa itakwama. Kazi unaifanya bila intaneti. Na kuna jambo la matoleo: faili lililohifadhiwa kwenye toleo jipya halifunguki kwenye toleo la zamani. Kuanzia toleo la 2024 unaweza kuhifadhi kwa ajili ya matoleo mawili yaliyotangulia, zaidi ya hapo hapana. Kabla ya kukubali kazi ya pamoja, ulizaneni mnatumia toleo la mwaka gani.

Leseni. Ni maelfu ya dola kwa biashara. Ya wanafunzi ni nafuu zaidi. Ipo pia ya watengenezaji wa nyumbani, isiyozidi dola 100 kwa mwaka, lakini mafaili yake yanawekwa alama na hayafunguki kwenye leseni ya kibiashara.

Kwenda karakana. Michoro ya karatasi ni bora kuliko ya zote tatu, kwa maoni yangu, hasa orodha ya vifaa inayojaza idadi yenyewe.

Inamfaa kampuni inayobuni mashine kubwa, na anayepokea mafaili ya wateja wanaoitumia.

## Uchague vipi kwa hali yako

Una karakana Keko au Vingunguti, unauza mageti, mashine za nazi na za kupukuchua mahindi, na leseni ya dola huiwezi mwaka huu. Anza na FreeCAD. Mwezi wa kwanza utakuchosha, lakini kila unachochora ni chako na unakiuza bila kuvunja masharti ya mtu.

Ni mwanachuo wa DIT, wa uhandisi Mlimani au wa VETA. Jifunze ile inayotumiwa darasani kwako, kwa sababu utahitaji mwalimu na wenzako wa kukusaidia usiku wa manane. Kisha, kwa leseni ya wanafunzi, chora mashine hiyohiyo kwenye Onshape au Fusion. Fikra za masharti na uhuru wa mwendo zinahama nawe. Vitufe ndivyo vinavyobadilika.

Mko watatu, mmoja Tabata, mmoja Kigamboni, mmoja Mwanza, na mnagombana juu ya faili lipi ni la mwisho. Onshape itawamalizia ugomvi huo, mkiwa na intaneti ya kuaminika. Kama mradi ni wa mteja, ingizeni ada ya leseni kwenye bei ya kazi tangu mnapoandika profoma.

Una mashine ya kuchonga ya CNC, hata ndogo ya mezani. Fusion, na ikianza kukuingizia pesa nunua leseni, maana mwendo wa haraka pekee unaokoa muda mwingi wa mashine.

Unatafuta kazi kwenye kiwanda au kampuni ya usanifu. Waulize moja kwa moja wanatumia nini. Wakijibu SolidWorks, nenda nayo, lakini nenda ukiwa na asembli moja uliyoikamilisha hadi mchoro wa karatasi. Skrini yenye vipande 40 vinavyoelea haimshawishi msimamizi.

Umeme wako si wa uhakika na unatumia kompyuta ya mezani bila betri ya akiba. Onshape ndiyo salama zaidi kwa kazi ambayo haijahifadhiwa, ilimradi data ya simu ipo. Ukiwa huna umeme wala data, FreeCAD kwenye laptopu yenye betri nzima.

Na kama bado umegawanyika kati ya mbili, usizichague kwa video. Chukua jioni moja kwa kila programu. Chora vitu vitatu tu: kipande cha engo chenye matundu mawili, hauzingi ya UCP204, na shafti ya 20 yenye mfereji wa kii. Viunganishe mpaka shafti izunguke. Kisha badilisha 20 iwe 25, 33.3 iwe 36.5, 95 iwe 105, na kii ya 6 iwe ya 8. Hesabu vilivyovunjika, angalia ilikuchukua dakika ngapi kuvirekebisha, halafu toa mchoro wa karatasi umpelekee fundi wako. Muulize kama anaweza kutoboa kwa mchoro huo bila kukupigia simu.